Maswali ya Wasomaji: Mdundo Ukiyageuka Maneno

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Mimi ni kijana wa Likoni, napiga gitaa na kutunga nyimbo zangu mwenyewe. Nimekamilisha nyimbo kumi ambazo nataka ziwe albamu yangu ya kwanza: upo wimbo wa ardhi zisizo na hati, wa feri, wa kazi za bandarini zilizopotea, wa vijana walioharibiwa na unga, wa shida ya maji, na kadhalika. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye arusi, nikaupiga ule wa unga kwa mdundo wa kuchangamka. Watu wakacheza mpaka wakatokwa jasho, wala hapana aliyeniuliza habari ya maneno. Rafiki yangu amenisikilizisha waimbaji wa Marekani wa roki ya asili, ambao huimba mambo ya jamii. Roki hiyo ni muziki gani, na wenzetu hao hufanyaje hata maneno yao yakasikika? — Mpiga gitaa, Likoni.

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Roki ya asili ni roki iliyorudi kuchota katika visima vyake vya zamani, yaani bluzi ya Wamarekani weusi, kantri ya watu wa mashambani, na nyimbo za kimapokeo zilizoimbwa kwa gitaa moja vibarazani. Jambo linaloitofautisha na taarabu yetu si ala peke yake. Kwetu mara nyingi mshairi hutunga, mwingine akatia mahadhi, na mwimbaji akaimba, kwa hiyo hata lawama hugawanyika. Katika roki hiyo mtu mmoja hutunga, hupiga na kuimba, na lawama zote humwangukia yeye.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wenzetu husikika kila mara. Kisa chako cha arusini kiliwahi kumpata Bruce Springsteen, mmoja wa waimbaji hao, tena mbele ya taifa zima. Mwaka 1984 alitoa albamu iitwayo Born in the U.S.A., na wimbo wenye jina hilo unasimulia habari za mtu wa mji mdogo aliyepelekwa vitani Vietnam, akarudi akaenda kuomba kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta, mfano wa kile chetu cha Changamwe kilichoacha kusafisha mwaka 2013, akaambiwa hapana. Ni wimbo wa uchungu. Lakini kiitikio chake kinapigiwa ngoma nzito na kinanda kinacholia kama tarumbeta za gwaride, na watu wakakishika kiitikio, wakaziacha beti, wakaupeperushia bendera. Mnamo Septemba mwaka huohuo Rais Ronald Reagan, akiwa katika kampeni mjini Hammonton, New Jersey, alimsifu mwimbaji huyo kwa ujumbe wa matumaini uliomo katika nyimbo zake.

Ukitaka kujua kosa lilikuwa wapi, tafuta wimbo huohuo kama alivyourekodi mara ya kwanza, mwaka 1982, akiwa peke yake na gitaa, rekodi ambayo haikutolewa hadi mwaka 1998. Ukiusikia hivyo hutaweza kuucheza hata ukitaka. Mimi si mmoja wa wanaosema kwamba msikilizaji asiyeelewa ndiye mjinga: mwimbaji akiweka msiba kwenye beti na sherehe kwenye mdundo, mwili wa msikilizaji utafuata mdundo, kwa kuwa mwili hausikilizi vina. Wimbo wako wa unga uliponzwa na ngoma zako mwenyewe.

Rekodi hiyo ya kwanza ina habari nyingine itakayokufaa. Mwezi wa Januari 1982 Springsteen alikaa katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, akarekodi nyimbo kadhaa kwa kinasa sauti kidogo cha kanda chenye njia nne, kwa nia ya kuipa bendi yake kielelezo tu cha kujifunzia. Bendi ilipojaribu kuzipiga studioni, nyingi zikapoa. Mwishowe akaamua kuitoa kanda yenyewe, ambayo alikuwa ameitembeza mfukoni bila hata kasha, ikawa albamu iitwayo Nebraska. Basi usikope fedha za studio kabla hujajua wimbo upi unataka watu kumi na upi unakutaka wewe peke yako usiku, simu ikiwa juu ya meza na dirisha limefungwa ili muadhini na honi za matatu visiingie.

Sasa nije kwenye hizo nyimbo kumi, ambazo ulivyonitajia zinanitia wasiwasi zaidi kuliko mdundo. Umenitajia mambo, hukunitajia mtu hata mmoja. Ardhi, feri, kazi, unga na maji ni vichwa vya habari, na kichwa cha habari hakiimbiki. Mwimbaji mwenzake, John Mellencamp wa Indiana, alipotoa albamu yake Scarecrow mwaka 1985, wakulima wa Marekani walikuwa wanafilisika: katika miaka ya 1970 walihimizwa kukopa na kupanua mashamba, kisha riba ikapanda ghafla, bei ya ardhi ikaporomoka, na benki zikaanza kunadi. Angeweza kutunga wimbo kuhusu riba. Badala yake, wimbo unaoifungua albamu, alioutunga pamoja na rafiki yake wa utotoni George Green, unamweka mbele yetu mkulima anayempigia simu dalali aje aliuze shamba lake, na dalali huyo ni rafiki yake wa siku nyingi, naye anamwomba aelewe kwamba hiyo ni kazi yake tu. Rafiki ananadi shamba la rafiki: katika hilo moja riba yote imo, na neno riba halikutajwa. Katika ule wimbo wako wa ardhi, ni nani anayekuja kuibomoa nyumba, na je, yeye na mwenye nyumba hawajuani?

Kuhusu feri, nakusihi usikimbilie kutunga. Mwimbaji mwingine wa roki hiyo, Steve Earle, alitoa albamu Ghosts of West Virginia mwaka 2020, kuhusu mlipuko wa mgodi wa makaa ya mawe wa Upper Big Branch uliowaua watu 29 tarehe 5 Aprili 2010. Nyimbo zake nyingi zilianzia katika mchezo wa jukwaani uliojengwa juu ya mahojiano na manusura na jamaa za waliokufa, na katika wimbo mmoja anayataja majina yote 29, moja baada ya jingine. Sisi tuna Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka pale na watu 272 wakafariki, na jamaa zao bado wanaishi upande wako wa kivuko. Nenda ukaketi nao kwanza, unywe kahawa yao, usiitoe simu kuwarekodi mpaka wakuruhusu, na jina la marehemu usiliimbe bila idhini ya wenyewe.

Kuhusu umbo la maneno huna haja ya kuvuka bahari. Muyaka bin Haji alizisema siasa za Mombasa kwa mashairi katika karne ya 19, na bahari aliyoitumia, yaani umbo lake la shairi, ingali inafaa: mshororo wa shairi una mizani, yaani silabi, 16, nao hukatika katikati, nane kwa nane. Katika ule mkato, gitaa lina nafasi ya kujibu. Jaribu beti moja tu kwa namna hiyo na utaona kwamba maneno yanapata pumzi, jambo ambalo ngoma za arusini hazikuyapa.

SWALI: Bwana Mhariri, nami mwanangu anawapenda hao waimbaji wa Kimarekani. Naomba unijibu: mtu mwenye majumba na mamilioni anaimbaje dhiki ya maskini, naye haioni tena? — Mama wa vijana watatu, Majengo.

JIBU: Mama yangu, hata kwao swali hilo limeulizwa sana, na aliyelijibu vizuri zaidi ni Springsteen mwenyewe, aliyejicheka katika wimbo mmoja wa mwaka 1992 kwamba yeye ni tajiri aliyevaa shati la maskini. Wengine hujibu kwa vitendo: mwaka 1985 Mellencamp alishirikiana na waimbaji wenzake Willie Nelson na Neil Young kuanzisha tamasha la Farm Aid, la kuwachangia wakulima wenye mashamba ya familia, ambalo limedumu miongo kadhaa, na yeye mwenyewe hakuhama Indiana. Hata hivyo sikatai kwamba shati hilo huwabana baadhi yao, na mtu huweza kulisikia likibana. Ama kijana wetu wa Likoni, kwake hatari hiyo ingali mbali. Yeye bado huvuka kwa miguu, bila nauli, amebanana na hao anaotaka kuwaimba.