Je, mwalole wa Tana ndio mpopla wa Frati?

Swali: Nalima kando ya Mto Tana, karibu na Hola. Ndugu yangu aliyeko Iraki amenitumia picha za mti wa kando ya Mto Frati, majani yake yaleyale ya mwalole wetu. Anasema huota hata penye chumvi. Je, ni mti mmoja? Aniletee vipandikizi nipande ukingoni?

Jibu: Ndugu, si mti mmoja, ila ni wa ukoo mmoja wa karibu sana, yote ni mipopla. Mwalole ni Populus ilicifolia. Wa Frati ni Populus euphratica. Hata Engler, bingwa wa mimea wa Kijerumani, aliwahi kuuhesabu wa Tana kuwa aina ndogo ya ule wa Frati.

Majani yatakupoteza. Miti yote miwili ina majani ya namna mbili: mche huwa na majani marefu membamba, mti mkomavu huwa na mapana yenye meno pembeni. Tazama mti mzima. Mwalole una majani mwaka mzima na hufikia hata mita 30, shina la kuchonga mtumbwi, kama Wapokomo wajuavyo. Wa Frati kwa kawaida ni mfupi zaidi, hupukutisha majani wakati wa baridi, na mizizi yake hutoa machipukizi mbali na shina.

Hayo machipukizi ndiyo yananifanya nikukataze. Yataingia shambani, tena mipopla ya ukoo wa karibu huchanganyika na kuzaa machotara kwa urahisi, na mwalole wenyewe umebaki kwenye mito michache tu. Isitoshe, bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, vipandikizi havipiti mpakani.

Panda mwalole. Shida yake ni mbegu: ndogo mno, zimo ndani ya pamba, hazidumu, na zinataka mchanga mtupu ulioachwa na mafuriko. Tangu mabwawa kama Masinga (1981) yajengwe huko juu, mafuriko hayo yamepungua. Basi mafuriko uyatengeneze mwenyewe. Chuma vitumba vya mbegu vinavyoanza kupasuka (kwenye mti jike, dume hauzai), nyunyiza mbegu siku hiyohiyo juu ya mchanga uliolowa, kwenye beseni lililotobolewa chini. Usizifukie. Beseni likae ndani ya karai lenye maji kidogo, kivulini. Usimwagilie kwa juu, mbegu zitasombwa.