Nilikuwa nagombana na mpangaji mwenzangu, mwenye nyumba anatuangalia tu

Kuna faili moja la Excel bado ninalo kwenye laptop, lina mistari kama mia na arobaini, na kila mstari ni kitu kimoja ambacho mshindani wetu anacho. Kijani maana yake tumeshamfikia, nyekundu bado. Kila Ijumaa tunakaa timu nzima tunaliangalia, Jumatatu tunaanza kukimbizana na wekundu. Tulienda hivyo karibu miaka miwili na nilijiona mtu wa mikakati kweli kweli.

Biashara yenyewe ilikuwa programu ndogo ya ankara, inachomekwa ndani ya programu kubwa ya uhasibu ya kampuni nyingine, kazi yake kuwakumbusha wadaiwa walipe. Akaja jamaa na ya kwake, inafanana na yetu kama mapacha. Basi vita. Akiongeza lugha na sisi tunaongeza, akishusha bei na sisi tunashusha, mpaka faida ikabaki jina tu.

Siku moja asubuhi nafungua akaunti naona kitufe kipya juu kulia, palepale chetu kinapokaa, kimeandikwa "Kumbusha". Nikajua ni dogo wetu kaweka bila kuniambia, nikampigia kabisa nimgombeze. Akanijibu kwa upole, bosi, hicho sio chetu, ni cha wenyewe wenye programu kubwa, kimekuja na apdeti ya usiku. Na bure. Halafu kinachouma ni kwamba kilikuwa kibovu, kinakumbusha mara moja tu, mteja akilipa nusu hakielewi, lakini kipo pale tayari na hakimwombi mtu namba ya kadi. Ndani ya miezi minne zaidi ya nusu ya wateja wameondoka, tena wengi hata hawakulalamika, muda wa kulipia ulifika wakapita tu.

Jamaa wa upande wa pili ndio akanipigia, mara ya kwanza tunaongea. "Na wewe wamekufikia?" Kumbe na yeye alikuwa na faili lake, mistari mingi kuliko yangu.

Ndio baada ya hapo nikaanza kusoma ya waliotangulia, na niseme ukweli niliona aibu, maana haya mambo ni ya zamani. Netscape waliingia soko la hisa Agosti 1995 wakiwa ndio brauza ya dunia, yaani programu ya kufungulia tovuti, mwezi huohuo Windows 95 ya Microsoft ikatoka, na Microsoft wakawa wanaigawa brauza yao, Internet Explorer, bila malipo na baadaye kuifunga humohumo ndani ya Windows. Januari 1998 Netscape nao wakaamua kugawa ya kwao bure. Serikali ya Marekani iliwapeleka Microsoft mahakamani Mei mwaka huo, lakini kesi ilitembea kwa miguu na soko lilipanda ndege.

Na usidhani anayeumia ni mdogo tu. IBM walipotoa PC yao, kompyuta ya mezani, mwaka 1981 walikuwa na haraka, wakachukua prosesa, ile chipu kuu, ya Intel na mfumo wa kuendeshea kompyuta wa Microsoft, na Microsoft wakabaki na haki ya kuwauzia wengine mfumo huo. Kampuni ya Compaq na wenzake wakatengeneza mashine zinazoendesha programu zilezile, na kuanzia hapo IBM ikawa inakimbizana na watengeneza mashine kwenye bei, huku faida inakwenda kwa hao wawili aliowakaribisha mwenyewe. Mwaka 2005 biashara ya PC ikaishia mikononi mwa kampuni ya Lenovo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kuhusu wazo lake la apu, simuulizi washindani wako ni nani. Namuuliza mwenye nyumba, yaani ile kampuni kubwa uliyojichomeka ndani yake, anakula wapi. Maana akiwa anapata hela sehemu nyingine, chumba chako anaweza kukigawa bure na asisikie chochote, Google waliwapa watengeneza simu Android, mfumo wao wa kuendeshea simu, bure kwa sababu wao hela yao iko kwenye matangazo, sasa wewe unayeuza mfumo wa simu utashusha bei mpaka wapi, chini ya sifuri? Ila wapo wenye nyumba wazuri. Kampuni ya TSMC ya Taiwan tangu 1987 inatengeneza chipu za watu na haina chipu zake za kushindana na wateja, ndio maana AMD na Nvidia, kampuni za kubuni chipu ambazo zinakabana koo sokoni, wote wanapeleka michoro yao palepale bila wasiwasi wa kuibiwa wazo. Ukipata wa hivyo, panga. Ila soma mkataba, bei ya kodi nayo inaweza kukuua.

Swali langu la pili ni la kuudhi kidogo: mteja akikufuta leo jioni, kesho asubuhi anakosa nini? Akikosa kitufe tu, hiyo ni wikiendi moja ya kazi kwa mainjinia wa mwenye nyumba.

Sisi walibaki wateja wachache, na nilidhani wamebaki kwa kutuonea huruma mpaka nilipowapigia mmoja mmoja. Wengi walikuwa wauzaji wa jumla. Mama mmoja akaniambia, kaka, mimi hata hayo ya kukumbusha situmii, mimi nafungua ule ukurasa wa nyuma unaoonyesha kila mtu amechelewa mara ngapi tangu mwanzo, ndio najua nani nimkopeshe na nani alipe kwanza. Ule ukurasa tuliuweka kwa ajili yetu wenyewe, kukagua makosa. Miaka yote ya kumbukumbu za wadaiwa wake iko mle, na kitufe kipya kinaanza kuhesabu siku kilipozaliwa.

Biashara tuliyonayo sasa ni ule ukurasa. Nimerudi kwenye faili la Excel nikapekua mistari yote mia na arobaini, ule ukurasa haumo, kwa sababu jamaa hakuwa nao.