Jirani wa juu anatumwagia uchafu: nisubiri mpaka lini?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi na mume wangu tunakaa ghorofa ya pili katika majumba ya Michenzani, Unguja. Jirani wa juu yetu humwaga dirishani maji ya kufulia na ya kuoshea samaki, yakaangukia nguo nilizoanika. Juzi imeanguka pempasi ya mtoto juu ya kanzu ya mume wangu. Choo chao nacho kinavuja, dari yetu imeota ukungu. Nikimwambia, hujibu "asiyetaka ahame". Mume wangu sasa anataka kuwarudishia uchafu wao mlangoni. Mtu mmoja msikitini alimwambia asubiri tu, kwani Mtume (s.a.w.) alimvumilia jirani Myahudi aliyekuwa akimtupia taka kila siku. Je, ninyamaze? Na nguo hizo tunaweza kuziswalia?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Mwanangu, nianze na hicho kisa, maana ndicho kilichowafungeni mdomo. Husimuliwa sana mimbarini, lakini kwa sura hiyo hakina isnadi (mlolongo wa wapokezi) ya kutegemewa katika vitabu vya hadithi. Kinachotajwa katika vitabu vya sira, yaani maisha ya Mtume, ni cha Makka: Abu Lahab na Uqba bin Abi Mu'ayt, majirani wa Mtume (s.a.w.), walikuwa wakimtupia uchafu mlangoni. Naye alitoka akasema, "Enyi Bani Abdi Manaf (ukoo wake), ujirani gani huu?" Alivumilia, na alisema. Huyo ndiye kigezo chetu, na hakuna mahali alipotufundisha kuwa subira ni kumezea madhara kimya kimya.

Imepokewa pia na Abu Dawud, mmoja wa wakusanyaji wa hadithi, kwamba mtu alimshtakia Mtume (s.a.w.) jirani yake. Akaambiwa aende akasubiri. Alipokuja mara ya pili au ya tatu, akaambiwa atoe vyombo vyake avitupe njiani. Watu wakawa wanauliza, anawaeleza, nao wanamlaani yule jirani, mpaka mwenyewe akaja kumwambia, "Rudi, hutaona tena kwangu unalolichukia." Basi subira ina hatua zake, na kushtaki ni mojawapo.

Lakini kurudisha uchafu, hapana. Mwambie mume wako kwamba Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Tena mlango wa jirani uko kwenye ngazi wanayopita wengine, wazee na watoto, nao hawana kosa lolote.

Kuhusu nguo: maji yanayokuangukia kutoka juu bila kujua ni ya nini, asili yake ni tohara. Hulazimiki kupanda kuuliza wala kufua upya, kwani yakini haiondoshwi na shaka. Maji ya sabuni ni uchafu wa kuchukiza, ila si najisi. Ukiona damu ya samaki, au kinyesi cha ile pempasi, au ukasikia harufu ya mkojo, hapo osha mahali palipoingia mpaka rangi na harufu viondoke. Ukisugua sana na likabaki doa lisilotoka, limesamehewa. Vivyo hivyo kwa matone ya chooni: yakiwa na dalili ya najisi, weka ndoo na usiswalie mahali hapo.

Jambo hili si geni kwa waliotutangulia. Imam Ahmad amepokea, kwa isnadi ambayo wanazuoni wameitilia walakini, kwamba Sayyidna Umar, aliyekuwa khalifa, alikuwa akienda Ijumaa, amevaa nguo zake, akapita chini ya mfereji wa paa la nyumba ya Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.). Vifaranga viwili vilikuwa vimechinjwa, na maji yenye damu yakamwagikia. Akaamuru mfereji ung'olewe, akarudi kubadilisha nguo. Abbas alipomweleza kuwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe ndiye aliyeuweka pale, Umar akamsisitiza apande juu ya mgongo wake aurudishe. Mimi hupenda kisa hiki kwa kuwa kila mmoja alisema lake, na ukweli ulipodhihiri, mwenye nguvu zaidi ndiye aliyeinama.

Ama choo, mafakihi (wanazuoni wa sheria) wetu wa Kishafi wamesema zamani kuwa dari baina ya mwenye juu na mwenye chini ni kama ukuta baina ya milki mbili. Jirani wa juu hana haki ya kuitumia kwa namna inayokuharibia. Bomba likiwa la kwake, kulitengeneza ni juu yake. Likiwa la jengo zima, mchangie nyote.

Nendeni wawili, jioni, bila hasira, na sahani ya chochote mlichopika. Usianze na pempasi. Mwombe ashuke aione dari kwa macho yake, kwani huenda hajui maji yake yanafika wapi. Akikataa, rudini na jirani mwingine mwenye heshima awe shahidi. Akikataa tena, mpelekeni kwa sheha, kiongozi wa mtaa wenu, wala msione haya. Huko si kusengenya, ni kutafuta haki. Na mpaka bomba litengenezwe, kanzu ya Ijumaa ianikeni ndani.

Wallahu a'lam.