Je, nusu shekeli ya fidia ni gramu ngapi za dhahabu?

SWALI: Shikamoo Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nafanya kazi kwenye maabara ya kupima dhahabu huku Geita. Mhubiri mgeni ametufundisha kwamba kila nafsi ilete fidia ya nusu shekeli ya dhahabu, na asiyeleta atapatwa na pigo. Wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wao walete talanta. Kwa kuwa nashika mizani, mzee wa kanisa ameniomba niwapigie waumini hesabu. Kikokotoo cha kwenye simu kinasema nusu shekeli ni gramu 5.7. Pia kinaonyesha kuwa tani ya maabara ni kama shekeli mbili na nusu, na mzee anasema hiyo ndiyo talanta. Mama yangu ni mjane, anaishi kwa kugonga mawe, na sasa anataka kuuza mbuzi wake wote. Je, hesabu ni sahihi? Nikikataa nitakuwa nimempinga Mungu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na Yesu asifiwe. Barua yako niliisoma usiku nikairudia asubuhi, na habari ya mama na mbuzi wake bado inaniuma. Lakini nianze na hesabu, maana ndiko uongo ulikojificha.

Fidia ile haikuwa dhahabu. Kutoka 30:16 inaiita fedha ya upatanisho, na Kutoka 38:25 inarudia: fedha ya hao waliohesabiwa. Sisi Waswahili tukisikia "fedha" tunawaza pesa, na pesa inaweza kuwa chochote, hata dhahabu. Kumbe hapo ni fedha yenyewe, yale madini meupe. Dhahabu ya hema ilihesabiwa peke yake kwenye mstari wa 24, na ilikuwa ya watu walioguswa mioyo, hakuna aliyetozwa. Kikokotoo chako hakijui tofauti hiyo. Hicho kinapima uzito tu. Gramu 5.7 za dhahabu leo ni zaidi ya shilingi milioni moja. Uzito huohuo wa fedha hauifikii bei hiyo hata kwa mbali. Anayebadilisha madini katikati ya andiko amebadilisha mzigo, hata kama namba imebaki ileile.

Na namba yenyewe? Wachimbaji wa mambo ya kale wameokota mawe mengi ya kupimia ya Yuda, ya karne ya 8 na ya 7 kabla ya Kristo. Ni mawe madogo ya chokaa, mgongo wa mviringo, chini bapa ili yakae kwenye sahani ya mizani. Ya shekeli moja yana wastani wa gramu 11.3 hivi. Ukigawa kwa mbili unapata 5.65. Lakini yale yaliyoandikwa "beka", yaani nusu shekeli, yanakaribia 6. Moja la namna hiyo lilitangazwa Yerusalemu mwaka 2018, na herufi zake zimechongwa kinyumenyume, kama muhuri unavyochongwa. Ukija wakati wa Bwana wetu, shekeli iliyopokelewa hekaluni ilikuwa sarafu ya Tiro ya gramu 14 hivi, nusu yake 7. Wewe unajua tofauti ya 0.35 ya gramu, kati ya 5.65 na 6, maana yake nini dirishani kwa mnunuzi. Basi usikubali desimali za simu zikaitwa sauti ya Mungu.

Hilo la talanta limenisikitisha zaidi. Tani ya maabara si tani, na wewe wajua. Ni gramu 29.17 za sampuli, huyeyushwa pamoja na madini ya risasi, na zimewekwa hivyo ili miligramu za punje inayobaki baada ya risasi hiyo kunywewa na kikombe cha majivu ya mifupa zisomeke moja kwa moja kama aunsi kwa tani ya Kimarekani ya mawe. Ni njia ya mkato ya wapimaji. Haina undugu wowote na Musa. Talanta tunaijua kwa hesabu ya Kutoka 38 yenyewe: wanaume 603,550, kila mmoja nusu shekeli, jumla shekeli 301,775, nayo imeandikwa kuwa talanta 100 na shekeli 1,775. Kwa hiyo talanta ni shekeli 3,000, karibu kilo 34. Mhubiri anayedai talanta ya dhahabu kwa mwenye duara ama hajui anachodai, ama anajua kwamba hakuna atakayepima.

Tena andiko lilihusu sensa: wanaume wa miaka 20 na zaidi. Mjane hakuhesabiwa. Na Kutoka 30:15 inamkataza tajiri kuzidisha na maskini kupunguza. Mhubiri anayepanga talanta huku na nusu shekeli huku ameuvunja mstari uleule anaoushika mkononi. Pigo analolitangaza nalo liliambatana na kuhesabu watu, na hapo kwenu hakuna aliyehesabiwa. Kinachohesabiwa ni mali zao. Petro ameshasema kwamba hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu. Nabii Amosi aliwakemea waliokuza shekeli ili kuwanunua maskini, na mimi sioni tofauti.

Basi mwanangu, hesabu hiyo usiitoe. Humpingi Mungu. Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo, na wewe ndiye mwenye mfuko. Mwendee mzee wa kanisa faraghani, kwa heshima, maana naamini amekosea kwa kutojua. Mwonyeshe aya hizi na umweleze tani ya maabara ni nini. Mizani ya kazini isiingie kanisani. Waliokwisha toa wana haki ya kuomba warudishiwe, na wewe uwe wa kwanza kusimama nao, hata kama utaitwa mpinga upako. Utaitwa tu. Vumilia.

Mama asiuze mbuzi. Usibishane naye, maana hofu yake ni ya kweli. Kaa naye jioni, umsomee Kutoka 30 kuanzia mstari wa 11 hadi wa 16, polepole, halafu mwache aulize. Akitaka kunisikia mwenyewe, mpe simu anipigie.