Kichupa cha zambarau kwenye droo ya cherehani

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mwaka huu umejinunulia kitu gani kisicho na kazi yoyote nyumbani, na je, unajutia pesa yako? Mimi nilinunua rangi ya kucha. Kichupa kimoja, urefu wake hauzidi kidole, zaidi ya shilingi 30,000. Kwangu hiyo ni ufundi wa sketi mbili, na sketi mbili si mchezo.

Ni fundi cherehani, Chang'ombe hapa Dodoma. Rangi ya kucha haikosekani kwenye droo yangu, ila ile inayoonekana kama maji. Tone moja juu ya uzi wa kifungo, ikikauka uzi haufumuki. Soksi ndefu ya mteja ikianza kuchanika, tone jingine, inasimama hapo hapo. Kucha zangu zenyewe niliwaachia wale vijana wanaopita na vikapu wakigonganisha chupa: unakaa kwenye stuli, unanyoosha mguu, umemaliza. Mama yangu mpaka leo kila rangi ya kucha anaiita Cutex, chupa iwe imeandikwa nini.

Hii ni ya namna nyingine. Mtoto wa mama yangu mdogo anasoma Marekani, ndiye aliyenionyesha picha. Huko kuna watu wanaotengeneza rangi zao wenyewe, mtu mmoja au wawili kwenye karakana ndogo, wanachanganya kidogo kidogo, na mzigo ukiisha huenda rangi ile usiione tena. Nikamtumia pesa kabla akili haijanirudia. Akaja nayo likizo.

Ndani ya chupa ni zambarau iliyokolea, kama zabibu zetu zilizoiva kabla hujafuta ule ungaunga wake. Ukiinamisha, kijani kinapita, kisha rangi ya shaba. Nikaitikisa, nikasikia kitu kinagonga ndani. Roho ikaniruka, nikajua imevunjika. Kumbe ni vigololi vya chuma, vimewekwa makusudi vikoroge, maana vimetameta vyake ni vizito na chupa ikikaa vinazama chini.

Siku ya kwanza niliharibu. Ilikuwa Oktoba, saa nane mchana, feni iko namba tatu. Nilitikisa chupa kama dawa ya kikohozi, nikapaka nene ili nione mng'ao upesi. Juu ikakauka, chini bado mbichi, vipovu vikajaa. Kufika kidole cha tano rangi ilikuwa inavutika kama asali, na upepo wa Dodoma mnaujua: vumbi la barabarani likamalizia kazi.

Shemeji yangu anapiga rangi magari. Alipita kuchukua suruali yake, akanusa, akauliza, "Shemeji, mbona unajipaka rangi ya gari?" Nikamwona mshamba. Baadaye nikajua hakukosea sana: kinachofanya utando wa rangi ya kucha ni naitroselulosi, na miaka ya 1920 magari yalipakwa rangi za jamii hiyo hiyo. Basi akanifundisha kama anavyowafundisha vijana wake wa gereji. Piga mkono mwembamba, yaani tabaka moja la rangi, subiri, piga mwingine. Feni zima, maana kiyeyushi kikiruka haraka juu, kilichobaki chini hakina pa kutokea. Na chupa usiitikise, izungushe kati ya viganja. Nikafuta yote kwa asetoni nje, mbali na pasi ya mkaa, kwa sababu asetoni na moto havijuani.

Mara ya pili niliamka saa kumi na moja alfajiri, upepo haujaanza. Mkono wa msingi kwanza ili zambarau isizame kwenye kucha, kisha mikono mitatu myembamba, kisha ule wa juu wa kuifunga. Jua lilipotoka nikanyoosha vidole mlangoni. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa.

Kwenye orodha ya viungo kuna neno mica. Mwanangu wa kidato cha tatu akafungua kamusi: ulanga. Ni vipande vyembamba vya ulanga vilivyovikwa utando wa oksidi ya titani. Mwanga unarudi kutoka juu ya utando na kutoka chini yake, rangi nyingine zinauana, nyingine zinaongezana, ndiyo maana ukigeuza kidole rangi nayo inageuka, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi. Nikakumbuka mchanga wa korongoni tulipokuwa watoto, ulivyokuwa ukimetameta. Tuliuficha kwenye kopo la Blue Band tukidhani ni dhahabu.

Mteja wangu mmoja wa Kondoa yeye ni wa hina, kwa kuwa rangi ya chupa ni utando na maji ya udhu hayapenyi. Ya chupa anaisubiri siku ambazo haswali. Siku hiyo akaniomba nimpake kidole kimoja tu, cha mwisho. Akakaa nacho kama dakika kumi akikigeuza dirishani, kisha akaniomba pamba.

Kudumu sasa. Kidole changu cha shahada cha kulia, kinachosukuma kitambaa, kilibanduka ncha siku ya tatu. Mkono wa kushoto ulifika siku nane. Kwa bei ile nilitaka zaidi, na sitaficha kwamba rangi za kwenye kikapu hukaa vivyo hivyo. Sinunui tena. Lakini mkono wangu unashinda chini ya taa ya cherehani kutwa nzima, na humu kibandani zile kucha ndizo kitu pekee kisicho cha mteja. Sijutii.

Ila wiki iliyopita umeme ulikatika jioni nikimalizia suti ya Kaunda ya mzee mmoja. Nikapapasa kwenye droo, nikatia tone kwenye uzi wa kila kifungo, naye akaichukua usiku huo huo. Asubuhi ndipo nilipoona ni chupa ipi iliyokuwa wazi. Vifungo vinne, kila kimoja katikati zambarau na kijani. Mpaka leo hajarudi kulalamika.