Barua kwa mwanangu: wageni wako wa misheni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Wenzako wanne mliotumika pamoja Ghana, misheni ya kanisa lenu la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), wanatoka Marekani, watakuwa kwako Kisumu kuanzia Ijumaa hadi Jumatano, nawe una chumba kimoja cha kulala na sebule. Unauliza kama ukope kwa simu uwalipie hoteli.

Usikope. Mke na mume wape chumba chako, wale vijana wawili walale sebuleni juu ya magodoro, wewe ulale kwenye kochi. Waandikie leo nyumba ilivyo, choo na maji ya ndoo ukivitaja, ili anayetaka hoteli ajilipie mapema bila kuona haya. Gharama nazo mgawane kwa kutaja vitu, si kwa kusema "tutaona": wao gari, mafuta na viingilio, wewe chakula cha nyumbani, maji, gesi na stima. Kule mlikula posho inayolingana na kuamka saa ileile. Leo mmoja analipwa dola, mwingine shilingi, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema. Lisemeni kabla tiketi hazijakatwa.

Idhini ya kuingia nchini, ile eTA, waiombe kwenye tovuti ya serikali, wasipitie wakala. Huchukua siku tatu hivi za kazi, lakini waombe wiki mbili kabla. Fomu itauliza watakaa wapi, kwa hiyo watumie anwani na namba yako ya simu. Wakipitia Ghana kwanza, waje na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ile ya misheni inatosha, kwa maana tangu 2016 kadi hiyo huhesabika ya maisha. Mifuko ya plastiki ya dukani waiache kwao, hapa imepigwa marufuku tangu 2017.

Wasitoke Nairobi usiku kuja Kisumu. Walale Nakuru kwetu usiku mmoja, waondoke asubuhi wapitie Kericho. Ni mwendo wa saa nne hivi ikiwa malori hayajaziba njia. Waambie wabebe sweta za huku, kwa maana wengi wakisikia Afrika hupakia nguo nyepesi tupu, nasi tuko mita 1,850 juu ya bahari.

Kisumu ndiyo yenye joto, na ndiyo yenye malaria. Vidonge vya kinga waulizie kwa daktari wao mapema, kwa sababu havifanani: doxycycline huanzwa siku moja au mbili kabla na kuendelea wiki nne baada ya kutoka, atovaquone na proguanil huishia siku ya saba baada ya kutoka. Kosa la wengi ni kuacha wakishapanda ndege. Chandarua kipya chenye dawa ukitoe kwenye pakiti, ukianike kivulini siku nzima, la sivyo kitawawasha uso. Kwa godoro la chini nunua cha mviringo, kwa kuwa kinataka ndoano moja tu darini, cha mraba kinataka misumari minne. Pindo lichomekwe chini ya godoro pande zote. Na godoro liwe pana kiasi cha mtu kutogusa wavu, maana mbu humuuma kupitia matundu palepale mkono ulipoegemea.

Maji ndiyo yatakayokuaibisha usipojipanga. Watu watano wakioga mara mbili kwa ndoo, na choo kikimwagiwa, hesabu lita 200 kwa siku. Drami moja ijae kila jioni, siku ya mgao isikukute na jerikeni tupu. Ya kunywa weka lita tatu kwa kila mtu, yaliyochemka au ya mtungi, na ya kupigia mswaki yawe hayohayo. Wageni huyakumbuka ya kunywa, ya mswaki wakayasahau. Tokeni za stima nunua Alhamisi. Soketi zetu zinafanana na nyingi za Ghana, kwa hiyo adapta waliyokuwa nayo kule wasiitupe. Chaja za simu hazina neno, ila mashine ya kukausha nywele ya kwao ni ya volti 120 na yetu ni 240: itatoa moshi mara moja, basi.

Sasa chakula. Wasikudanganye kwamba wageni Wazungu wanataka chipsi. Hawa wamekula banku, ule ugali mchachu wa Ghana, na bamia kwa mkono misheni nzima, kwa hiyo mrenda hautawashtua hata kidogo, nao wanajua kutotoa kitu kwa mkono wa kushoto. Kitakachowashangaza ni ugali wetu kutokuwa na uchachu, na chakula chetu kukosa pilipili. Weka ya kusaga mezani, omena itakwisha. Kwa watu watano chemsha lita moja na nusu ya maji, unga uwe karibu kilo moja, ukishashikana funika moto mdogo dakika tano ndipo upindue.

Samaki kamnunue ufukweni Dunga asubuhi, ngege (tilapia) wa nusu kilo kwa kila mtu. Fungua shavu: likiwa jekundu mchukue, likiwa kahawia na jicho limezama mrudishe, hata muuzaji akiapa. Mkate mistari mitatu kila ubavu, paka chumvi na ndimu, mwache nusu saa, kisha umfute kwa kitambaa mpaka akauke. Akiingia na maji mafuta yatakurukia na ngozi itabaki kwenye karai. Mtie mafuta yakiwa moto sana, usimguse dakika saba. Akiiva upande huo atajiachia mwenyewe, ukimng'oa kabla atavunjika mkia. Ndipo umtie kwenye rojo la vitunguu viwili na nyanya tano, dakika kumi, usikoroge.

Chai ndiyo mtego. Kanisa lenu halinywi majani ya chai wala kahawa, na majirani zako hawajui namna nyingine ya kumkaribisha mgeni. Mama wa jirani akishamimina kikombe, kukikataa ni kumkataa yeye. Pita kwake mapema, si siku ile, umwambie: "Mama, wageni wangu hawanywi majani, lakini maziwa ya tangawizi wanayapenda sana." Mpelekee hata tangawizi yenyewe. Nyumbani kwako chemsha maziwa na mchaichai, au upike uji wa wimbi. Mchaichai waeleze kabla hawajauliza, jina lake litawatia wasiwasi.

Nimetazama kalenda: Jumapili hiyo ni ya kwanza ya mwezi, mtafunga. Kwa jua la Kisumu, Jumamosi jioni wanywe maji ya kutosha, na safari ya kwenye miamba ya Kit Mikayi muifanye siku nyingine. Soko la Kibuye huwa limefurika Jumapili, lakini hawatanunua siku ya ibada, basi wapeleke Jumanne. Ziwani wapande boti wakivaa jaketi za kuokolea, ila wasitie miguu majini ufukweni, maana kichocho hukaa kwenye konokono wa pale kwenye majani.

Jambo la yule mmoja aliyeacha kanisa uliligusa kwa mstari mmoja, nami naona ndilo lililokufanya uandike. Usimpangie zamu ya kusali. Omba wewe mwenye nyumba, kwa ufupi, kila mlo, asipate wa kumtazama. Ukipika kahawa kwa ajili yake utakuwa umemtangaza. Akiitaka ataijua njia ya hotelini. Asubuhi ya Jumapili mwachie ufunguo wa ziada na chakula kilichofunikwa, umwambie tu mtarudi saa ngapi. Wala mkishakaa kuchambua mambo ya misheni usiku, usiwaache wengine wamgeuze somo.

Na muache kuitana "Mzee" mbele ya watu wa plotini. Kwenu ni cheo cha mmisionari, kwao ni kijana wa miaka ishirini na sita anayeitwa babu, watacheka wiki nzima.

Watu watakuja na maombi ya karo na pikipiki. Waambie wageni wasitoe pesa mkononi wala kuahidi, waseme "tutaongea na mwenyeji." Wewe ndiwe utakayebaki hapo Alhamisi.

Magodoro mawili unaweza kuyachukua hapa. Baba yako anasema atayatuma na gari la Jumatano, uwe stendi saa nane, uje na mtu wa kukushikia upande wa pili.

Mama yako,
Nakuru