Biti ya pili inazama mno

SWALI: Mashine yangu ya CNC (ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta) hutumia GRBL, programu inayoendesha mota zake. Nachonga ubao wa mvule. Biti ya milimita 6 inakata sawa, lakini nikiibadili na ya milimita 3, inazama zaidi kwa karibu milimita 19. Tatizo nini? – Msomaji, Jinja

JIBU: Pima unene wa ubao. Ukiwa 19, biti ya pili uliipimia sifuri ya kimo (Z) juu ya meza, ya kwanza juu ya ubao. Acha kona moja isichongwe, na kila biti ipimiwe hapo. GRBL haina jedwali la urefu wa biti, kwa hiyo kila ukibadili biti pima Z tena. Usiguse sifuri za X wala Y (za mlalo).

Weka sahani ya kugusia (ya chuma, ambayo mashine hutambua biti inapoigusa), klipu ya waya wake kwenye biti, kisha tuma amri hizi:
G38.2 Z-25 F50
G10 L20 P1 Z15

Hiyo 15 ni unene wa sahani. Ipime mwenyewe kwa kalipa. Ukisahau kuutia, biti itakata hewa. Kama uliwahi kutumia G92 (amri ya kuhamisha sifuri kwa muda), ifute kwanza kwa G92.1.

Kina kikiongezeka polepole kazi ikiendelea, hilo si la hesabu: biti inateleza kwenye koleti (kishikio chake). Safisha vumbi, kaza.